Nyuki Ndani ya Sufuria ya Chama

Nilichaguliwa kuwa mtunza stoo wa chama chetu cha mtaa kwa sababu siku ya uchaguzi sikuwepo. Mimi ni fundi cherehani hapa Ihanja, na siku hiyo nilikuwa nimekwenda Singida mjini kununua zipu na vifungo. Niliporudi nikakuta funguo zimewekwa juu ya cherehani yangu, na chini yake karatasi. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya wanachama kusoma, alikuwa ameandika kwa mwandiko wa ubaoni: "Hongera. Umepita bila kupingwa."

Chama chetu ni cha kusaidiana, Waislamu kwa Wakristo. Ukiwa na harusi au msiba, unakuja kuchukua viti vya plastiki, maturubai mawili na sufuria nne kubwa za kupikia watu wengi. Kazi yangu ilikuwa kufungua, kukagua, kufunga, na kusikiliza maelezo marefu ya kwa nini kiti kilichotoka na miguu minne kimerudi na mitatu.

Alhamisi moja, alizeti ikiwa imechanua mashambani, niliingia stoo kuandaa vifaa vya harusi ya Jumamosi. Aliyekuwa anamwoza binti yake ni jirani yangu mwenye mashine ya kukamua alizeti. Nilisikia mngurumo mle ndani, nikadhani ni mashine yake inafanya kazi upande wa pili wa ukuta. Sufuria kubwa kuliko zote ilikuwa imelala ubavu karibu na dirisha, mfuniko umeegemea mdomoni. Nikausogeza mfuniko.

Sikumbuki vizuri nilivyotoka. Jirani mmoja aliyekuwa anaanika mahindi anasema nilipita mbele yake nikikimbia kama mtu aliyeitwa kazini. Nilichomwa shingoni, sikioni, na mdomo wa juu. Kufikia asubuhi ya Ijumaa ule mdomo ulikuwa umevimba mpaka nauona mwenyewe bila kioo.

Mwalimu akaitisha kikao cha dharura. Tulipoketi akaniambia nitoe taarifa nikiwa nimesimama.

Nikasema, "Sufuria imevamiwa na nyuki." Ndivyo nilivyokusudia. Lakini kwa mdomo ule, mzee mmoja aliyekaa nyuma akasikia "imeibiwa," akawaeleza wenzake. Kabla sijaketi, mama mmoja alikwisha kusema kwamba yeye alimwona mtu akipita na kitu kikubwa kichwani juzi, na mwenzake akajibu kwamba kama anamsema mume wake aseme wazi, lile lilikuwa beseni. Ikabidi niombe kalamu. Niliandika, Mwalimu akasoma kwa sauti: "Ni nyuki. Wamo ndani ya sufuria."

Macho yote yakahamia kwenye mdomo wangu.

"Wangapi?" akauliza yule mzee wa nyuma.

Nikaandika kwamba sikuwakagua.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza hasa. Mmoja alitaka wachomwe moto, akakumbushwa kwamba viti ni vya plastiki. Mwingine alitaka tumwage maji, ila hakutaka kuwa yeye wa kuyamwaga. Kijana anayeuza vocha akasema hiyo ni fursa, tuwaache watengeneze asali tuuze. Mwalimu akauliza kama nyuki waliokutwa ndani ya mali ya chama ni mali ya chama, na tukatumia muda mrefu sana kwenye swali hilo.

Baba wa bibi harusi alikuwa amekaa pembeni muda wote, mikono katikati ya magoti. Mwishowe akasema taratibu, "Ndugu zangu, mimi kesho nina wageni. Nataka viti tu."

Tukaona aibu. Tukaunda kamati ya watu watatu.

Kamati ilikuwa bado inatafuta mtu wa kuiongoza pale alipotokea mama mzazi wa huyo baba, yaani bibi yake bibi harusi, aliyekuwa amefika kutoka Mungaa kwa ajili ya sherehe. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, amejifunga kitenge kimoja na kujitanda kingine. Sote tukamwamkia shikamoo, akaitikia mmoja baada ya mwingine bila kuruka mtu. Kisha akasema, "Nasikia mna nyuki. Nitafutieni kopo na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Jua likikaribia kuzama wote watakuwa wamerudi ndani. Na nani mwenye stoo?"

Watu wote wakanitazama.

Jioni tukaingia, yeye mbele na kopo lake linalofuka moshi, mimi nyuma nimevaa koti la mvua, soksi mikononi na chandarua kichwani. Yeye hakuongeza hata mtandio. Alipuliza moshi kidogo kwenye sufuria, akasubiri, akapuliza tena, huku akiwasemesha nyuki kwa Kinyaturu kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto ale. Kisha akaurudishia mfuniko na kuufunga kwa kitenge alichojitanda, akakaza fundo.

"Shika sikio hilo la sufuria, mjukuu wangu. Polepole."

Mwanawe alikuwa na mzinga mtupu kwenye shamba la alizeti nje ya kijiji, ulioachwa na aliyemuuzia shamba hilo. Tukabeba sufuria kuelekea huko, ikingurumia mikononi mwangu. Watu waliokuwa na habari walifunga milango. Tatizo lilikuwa mmoja asiyekuwa na habari, mzee aliyewahi kuwa kiongozi wa kijiji, mtu wa heshima, ambaye salamu yake huwezi kuikata. Nikamwamkia kwa mdomo wangu mbovu. Akaitikia, akaanza kuulizana na bibi habari za Mungaa: mvua, mifugo, ugonjwa wa fulani, kifo cha fulani. Bibi akajibu moja moja bila haraka. Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya koti la mvua.

Ndipo mzee akaigonga sufuria kwa fimbo yake.

"Mmeshaanza kupika leo? Ni pilau au wali?"

Sufuria ikamjibu yenyewe. Yule mzee, ambaye kwa miaka mingi sikuwahi kumwona akiharakisha jambo lolote, aliaga kwa adabu na kuondoka kwa mwendo ambao fimbo haikuweza kuufuata.

Bibi alicheka mpaka tukalazimika kutua mzigo. Akiwa bado anajifuta machozi, aliniambia kwamba baba yake alikuwa na mizinga mingi lakini hakumruhusu kupanda mtini, kwa kuwa ni mtoto wa kike. Kaka zake walipanda, yeye akabaki chini kuwashikia moshi. "Wao walikuwa wanawaogopa," akasema. "Mimi nilikuwa natazama." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuhamisha nyuki kwa mikono yake mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia mapema. Akasema kama angetuambia, tungeunda kamati nyingine.

Shambani alifungua mzinga, akaniambia nisimame mbali, nami sikubisha. Akawamimina mle ndani kama mtu anayemimina mtama kwenye kinu. Alichomwa mara mbili, akaitoa miiba kwa kucha.

Harusi ilifanyika. Viti vilitosha, pilau ilichelewa kwa sababu sufuria ile kubwa ilioshwa mara tatu na bado wapishi walikuwa wanaisogelea kwa kunyata. Kwenye picha zote nilizotokea nimefunika mdomo kwa mkono, na ndugu wa bwana harusi walidhani nalia kwa furaha.

Bibi alikaa wiki mbili zaidi kwa mwanawe. Kila jioni wanachama wachache, wengi wao kina mama, walimfuata shambani kujifunza kufuga nyuki, na sasa chama kina mizinga sita. Asali ya kwanza tuliionja kikaoni, kijiko kwa kila mtu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeondoka kabla ya kufika kwenye ajenda ya mwisho, ile ya mengineyo. Nilimpigia bibi simu Mungaa kumpa habari.

"Nani aliyerina?" akauliza.

Nikamwambia ni mimi.

Akauliza tena, "Ulikuwa umevaa lile koti?"

Nikakiri kwamba nilikuwa nimelivaa, na soksi pia. Nikamsikia akiwageukia watu waliokuwa nyumbani kwake, akawasimulia kwa Kinyaturu, na wote wakacheka kwa muda mrefu, salio langu likiendelea kukatwa.