Mwenye Atatikisika

Wiki jana, nje ya studio moja ya picha pale Goma, nilipita mbele ya ubao wa picha za zamani ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Moja ilinisimamisha.

Nilikuwa mtoto, na ilikuwa Jumapili kama nyingine za Sake, mji wetu. Baada ya misa, dada yangu Furaha alinipaka mafuta usoni mpaka nikang'aa, tukaenda kupigwa picha pale njia za Masisi na Minova zinapoachana. Harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakikaangwa ilitujaa puani.

"Batoto, mutulie," mpiga picha alisema. "Mwenye atatikisika atapotea."

Nilimwamini neno kwa neno. Nikabana pumzi. Chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, ikateremka na viazi kwa kelele, Furaha akacheka, nami nikahisi bega lake likitikisika kando ya langu.

"Picha inaenda kusafishwa Goma," mpiga picha akasema. "Mutaikamata dimanshi ingine."

Hatukurudi. Kabla ya Jumapili hiyo vita vilifika, mji wote ukakimbilia njia ya Minova, na karibu na Shasha mkono wa Furaha ukanitoka. Mama alimtafuta miaka mingi. Mimi sikumtafuta. Nilidhani najua sababu ya kupotea kwake, na sikumwambia mtu.

Leo najua kwamba kupotea alikosema mpiga picha ni ukungu tu wa picha. Pale ubaoni Furaha ametulia, hata vifungo vya gauni lake vinahesabika. Kando yake kuna gauni langu dogo jeupe, lisilo na uso.

Aliyetikisika nilikuwa mimi.