Siku Kingi Ilipobeba Magodoro

Kosa langu la kwanza la uafisa nililifanya kabla sijavaa hata kofia ya jeshi: nilikimbiza kijiji kizima, mama yangu akiwemo, kwa mdomo tu. Asubuhi ile naikumbuka hata kwa harufu, harufu ya maharagi yaliyoungua.

Mwanangu, niruhusu nikuite hivyo. Najua ndevu zangu bado zinaota upande mmoja, na wazee wa kijiji chetu cha Kingi wakisikia natoa nasaha watacheka mpaka wakae chini. Lakini unataka kuingia mafunzo ya maafisa ukitokea chuo kikuu, kama nilivyoingia mimi, na kwetu hakuna mzee aliyepita njia hiyo. Basi kwa jambo hili moja mzee ni mimi. Nivumilie.

Nilikuwa Goma nasomea kilimo. Ikatangazwa kwamba jeshi linatafuta wanafunzi wa chuo wa kufundishwa uafisa, na kwamba siku ya majaribio kila mmoja atapewa kikosi cha kuamuru mbele ya wakubwa. Nikashikwa na hofu. Mimi ni mtu wa kufunga kamba za viatu na kuzifungua tena mpaka vitanzi vilingane. Na sauti yangu wakati ule ilikuwa nyembamba; nikimwita mtu barabarani, aliyegeuka alikuwa mbuzi.

Likizo ilipofika nilirudi Kingi, nikajifunza amri kwa kutazama video kwenye simu. Sikuwa na mwalimu. Niliona aibu kufanya mazoezi nyumbani, kwa hiyo nikachagua malisho ya juu kilimani, alfajiri, ukungu ukiwa mzito, ili mtu asinione. Na kweli hakuna aliyeniona. Ila ukungu hauzuii sauti.

Niliwasimamia ng'ombe wa jirani kama kikosi. "Garde-à-vous!" nikawaamuru wasimame wima. Wakaendelea kutafuna. Kikosi kisichojibu kiliniudhi, basi nikaamua kujibu mwenyewe. Niliamuru wajihesabu, kisha nikahesabu kwa sauti za watu mbalimbali: wa kwanza sauti nzito, wa pili ya kitoto, wa tatu mtu mwenye mafua. "Un! Deux! Trois!" mpaka kumi na mbili. Lakini nilitaka itoke bila dosari. Kila nilipoharibu sauti ya nane, nilirudi mwanzo. Na ya nane iliharibika sana. Kule chini, watu waliokuwa bado kitandani walisikia kikosi kinajihesabu, halafu kingine, halafu kingine, na mkubwa wao akifoka: "Tena! Bado!"

Nilishuka nimejaa furaha. Kijiji kilikuwa kimya. Sufuria za maharagi zilikuwa juu ya moto, milango wazi, na kuku mmoja anatembea ndani ya nyumba ya chef, mkuu wa kijiji, kama mwenye nyumba. Wewe ni mtoto wa Masisi, huhitaji kuelezwa maana ya milango wazi asubuhi. Nikasema moyoni: wenye silaha wamekuja, watu wamekimbia. Nikabeba godoro langu kichwani, nikakimbia kwa njia ya kwenda mjini, Masisi-centre, nikijiokoa kutoka kwangu mwenyewe.

Niliwakuta kwenye kona ya barabara. Jirani yetu, Mama Furaha, alikuwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni.

"Ulikuwa wapi? Mama yako analia!"

"Kuna nini?"

"Baaskari, kaka! Bamejaa kule juu. Tumesikia banahesabiana."

"Wangapi?"

"Nani atajua? Hawa bakimaliza, wengine banaanza. Na mukubwa wao iko mukali! Hakuna kitu inamufurahisha."

"Na kuna moja iko na mafua," akadakia mwanamume mmoja nyuma yake.

Mwanangu, godoro lilinizidi uzito.

Mbele yetu alisimama chef mwenyewe, Papa Anselme, buti moja mguuni, kitenge cha mkewe mabegani. Huyo ndiye aliyetakiwa kunipa cheti cha mwenendo mwema. Bila sahihi yake jina langu lisingepokewa kwenye majaribio, naye alikuwa ameniahidi kusaini siku hiyohiyo. Nikapiga hesabu zangu: nikinyamaza, nani atajua? Watalala kwenye shule ya parokia, watarudi, na mimi nitakuwa afisa. Ndipo mama aliponiona. Alinishika mashavu, akamshukuru Mungu kwa sauti kwamba ameniokoa na watu wale. Hapo nikashindwa kunyamaza.

"Chef," nikasema, "kile kikosi ni mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi tu."

"Na wa mafua?"

"Ni mimi pia."

Papa Anselme alinisogelea. "Hesabu tusikie."

Nikahesabu pale barabarani, wote kumi na wawili. Hata sauti ya nane ilitoka vizuri, kwa mara ya kwanza. Watoto walianza kucheka, kisha wakubwa. Mama Furaha alicheka mpaka akakaa juu ya godoro lake. Halafu akainuka, akavua sandali, akanichapa mgongoni, na katikati ya kunichapa akaanza kulia. Kucheka kukaisha.

"Sauti uko nayo, mutoto," akasema Papa Anselme. "Ile hatukatai. Lakini sisi, sauti kama ile ilishatulaza mu pori. Unataka kuwa mukubwa wa baaskari? Jua kwanza sauti yako inafanya nini mu tumbo ya muntu." Kisha akafunga kitenge vizuri. "Cheti utapata wakati godoro ya mwisho itarudia ku kitanda."

Siku nzima nilibeba magodoro, mvua ikininyeshea. Papa Anselme alitaka niingie kila nyumba, nisalimie, niombe msamaha. Mimi nami, kwa ugonjwa wangu ule wa vitanzi, nilikuwa natandika na kunyoosha pembe za shuka.

"Acha kunyoosha!" akapiga kelele Mama Furaha. "Mbuzi yangu iko wapi?"

Mbuzi nilimpata katika shamba la maharagi, ameshiba. Jioni chef alitia sahihi. "Sasa tafuta buti yangu," akasema.

Siku ya majaribio sauti ilitoka nzito, sijui kutoka wapi. Lakini kabla ya amri ya kwanza nilijikuta nikiwasalimia wa kikosi changu kama nyumbani: "Mumeamka, bakaka?" Wakubwa wakatazamana. Kikosi kikacheka, kisha kikatembea vizuri. Nilipita, ila kwa alama za katikati tu kati ya wenzangu, jambo linaloniuma hadi leo.

Mwanangu, jifunze amri zote, hata kwenye simu. Lakini kabla ya kufungua mdomo, fikiri ni nani anayekusikia na amepitia nini. Ukikosea, sema mapema, hata kama cheti chako kiko mkononi mwa uliyemkosea. Mungu akupe sauti, na akupe watu ambao wakiisikia watafungua mlango kukusalimia.

Mimi sasa ni sous-lieutenant, yaani luteni usu, niko Walikale. Kila tukihamia mahali papya, jioni naenda kwanza kwa chef wa kijiji, namwambia: kesho asubuhi mtasikia watu wanajihesabu, ni sisi, endeleeni kulala. Tangu nianze kufanya hivyo, hakuna aliyebeba godoro kwa sababu yangu.