Vikombe Viwili vya Shangazi

Katika kiwanda kile cha dobi, mtu akipandishwa cheo hupewa koti jeupe, ufunguo wa kabati, na Shangazi. Koti humkaa siku hiyo hiyo. Shangazi ndiye huchukua muda.

Hakuwa shangazi wa yeyote pale. Alikuwa mama wa makamo aliyekunja shuka nusu ya maisha yake, kisha akafanywa msimamizi, akaendelea kuzikunja zote peke yake huku walio chini yake wakimtazama kwa moyo wa shukrani. Mwishowe mgongo ukamlaza kitandani. Ulipopona, mwenye kiwanda alimpa kazi ya kuwalea wasimamizi wapya, wasije wakaishia kitandani kama yeye.

Safari hii alikabidhiwa Nyoosha, bingwa wa pasi, ambaye tangu avae koti hakuweza kumwona mtu akipiga pasi bila kumpokonya. Mwenyewe aliita huko kusaidia. Mama Pacha, fundi hodari kuliko wote waliobaki mezani, alikuwa ameshasaidiwa vya kutosha.

"Shangazi, mwambie mwanao, akiigusa pasi yangu leo, kesho mnitafute kwa dobi wa ng'ambo ya barabara."

Shangazi hakuhubiri. Alijaza chai ya moto vikombe viwili, hadi ukingoni, akamshikisha Nyoosha kimoja kila mkono.

"Zunguka chumba. Usimwage."

"Nimekuwa mgawa chai, Shangazi?"

"Chai ni ya kukufunga mikono, mwanangu. Macho nimekuachia."

Nyoosha akazunguka kama mtu aliyebebeshwa mayai ya mkwewe. Kwa Mama Pacha akakwama. Shati lilikuwa mezani, na pasi ilikuwa imeanzia kwenye mikono yake. Yeye siku zote alianzia kwenye kola. Vidole vikamwasha. Chai ikatikisika, ikamuunguza kidole gumba. Kwa kuwa hakubakiwa na kiungo kingine cha kufanyia kazi, alitumia mdomo.

"Mama Pacha, mbona unaanzia mikononi?"

Mama Pacha akaisimamisha pasi. Kuulizwa lilikuwa jambo geni. "Kola ndiyo anayoitazama mteja. Nikianza nayo, itajikunja tena nikigeuza shati."

"Lo. Na mimi miaka yote naipiga mara mbili."

"Nilikuwa nakuona."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unasikia?"

Mama Pacha akampokea kikombe kimoja, akanywa taratibu. Mkono wa Nyoosha uliobaki huru ukaning'inia hewani, ukaielekea pasi, ukasita, ukaingia mfukoni. Mlangoni Shangazi, aliyekuwa ameshainua birika amjazie kingine, akalishusha.

Mama Pacha akarudisha kikombe kitupu.

"Kesho ongeza sukari, bosi."