Skrubu za Pikipiki ya Marehemu

Nakumbuka Jumamosi moja hapa hapa mtaani Lucky Summer, mwanangu, siku mume wangu Wafula alipogombana na skrubu, na skrubu ikashinda. Nakuhadithia kwa sababu tangu asubuhi nakusikia hapo nje ukiitukana pikipiki yako, na sasa naona umeshika patasi. Iweke chini kwanza. Kaa.

Tulikuwa tumeoana karibuni. Wafula alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Baba Dogo, wale wa kusimama getini alfajiri wakingoja kuchaguliwa. Kaka yake mkubwa alikuwa amefariki, akaacha pikipiki kuukuu ya Kijapani hapa mjini, na mjane mwenye watoto kule Bungoma. Mjane huyo, shemeji Nasimiyu, aliomba apelekewe pikipiki ampe mtu aendeshe boda, naye apate karo ya watoto. Jambo dogo, sivyo? Uipakie kwenye lori, iende. Lakini Wafula wangu akasema haiwezi kwenda na sura ya mkebe. Ataipaka rangi, ataishonea kiti kipya, ataing'arisha mifuniko ya injini mpaka mtu ajione uso. Alimpenda kaka yake, simlaumu. Ila mapenzi hayafungui skrubu.

Kiti kilitoka vizuri, tangi likatoka. Tukafika kwenye mfuniko wa injini. Skrubu zake zilikuwa za kichwa cha msalaba, laini kama sabuni, na kutu ilikuwa imezishika kwa miaka. Wafula akatia bisibisi ya nyota aliyoinunua kwa mchuuzi wa barabarani, akazungusha. Ikateleza. Akazungusha kwa nguvu zaidi. Ikateleza tena, na kila ikiteleza inakula kichwa, hadi pale palipokuwa na msalaba pakabaki kashimo ka mviringo tu.

"Wafula, wacha hiyo," nikamwambia. "Mwite Mzee Kamau."

"Kwani mimi siwezi kufungua skrubu?"

Mzee Kamau alikuwa jirani yetu, mtu wa Murang'a aliyetengeneza pikipiki maisha yake yote. Alikuwa amekaa mlangoni kwake anakunywa chai, tunamwona! Lakini mume wangu, ambaye angemwomba mzee yule chumvi bila haya, hakuweza kumwomba shauri. Mna nini nyinyi wanaume? Hata leo sijaelewa.

Akahamia skrubu nyingine, akaiharibu. Nyingine, vivyo hivyo. Hasira zikampanda, na wahenga hawakukosea waliposema hasira ni hasara. Akachukua patasi na nyundo, akairudia ile ya kwanza, akagonga kama mtu anayepasua kuni. Mfuniko ukalia ta! Ukapata ufa. Patasi ikaruka, ikampasua kiganja. Damu na oili vikachanganyika pale mlangoni, nami ndiyo kwanza nimetoka kupiga deki.

Hapo Mzee Kamau akaja, kikombe mkononi. Akatazama mkono, akatazama mfuniko, akafyonya.

"Kijana, nimekusikia tangu asubuhi. Nilikuwa nangoja uniite. Skrubu ikikataa, inakuambia kuna kitu hujafanya. Wewe unaichapa. Sasa umeumiza nani?"

Wafula akakizungushia kiganja kitambaa.

Mkono ulishonwa. Lakini kibarua wa mkono mmoja hachaguliwi getini, kwa hivyo tukala kwa sukuma wiki niliyouza mimi. Na pikipiki ikakaa hapo, imevuliwa nguo, juma baada ya juma. Shemeji akipiga simu, Wafula anamwambia, "Bado kidogo, shemeji, naitengeneza." Ufa hakuutaja. Mwishowe akaacha hata kuipokea simu.

Mimi nikachoka. Nikaenda mwenyewe kwa Mzee Kamau. Alisimama kando akinielekeza, nami nikafanya kwa mikono yangu. Tia mafuta ya kulegeza kutu, uyaache hadi kesho. Mwagia mfuniko maji ya moto, chuma kitanuke. Tafuta bisibisi inayokaa kichwani bila kucheza, kwa maana msalaba wa Kijapani unafanana na ule wa bisibisi za kawaida lakini si ule. Gonga kitako cha bisibisi kwa nyundo, kidogo tu, skrubu ishtuke. Halafu egemea kwa uzito wa mwili wote, ndipo uzungushe taratibu. Zile zilizokufa kabisa, mzee alizichonga mfereji kwa msumeno wa chuma, tukapata pa kushika. Zikatoka, mwanangu. Zote. Wafula alikuwa ametazama ukutani.

Tukapata mfuniko wa mtumba, wa rangi nyingine, tukaifikisha Bungoma. Shemeji Nasimiyu hakutazama rangi wala kiti. Alishika usukani. Kisha akasema, "Nilijua mmeiuza. Nimewaambia watoto kwamba baba yao mdogo ameila."

Kifungua mimba wake alikuwa amekaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Wafula, ambaye hakutoa chozi hata kaburini kwa kaka yake, alilia pale uani mbele yetu sote.

Basi nisikilize. Kitu kikikukatalia, usikiongezee nguvu. Kiongezee muda, na ukitafutie chombo chake. Ukiona kimeanza kuteleza, simama hapo hapo kabla hujakiharibu zaidi. Mvumilivu hula mbivu, lakini uvumilivu si kukaa kimya na aibu yako: ita anayejua, na umwambie ukweli anayekungoja, kwa sababu ukimnyima neno atajitungia lake. Kuomba msaada hakumpunguzi mtu.

Mungu akulindie vidole vyako na macho yako. Akupe kifua kipana na majirani wa kukusema bila kukuonea haya, na kila unayemtumikia akuombee dua njema nyuma ya mgongo wako. Amina.