Theodora huonja peke yake

Saa kumi jioni. Ghorofani wapishi wanapandishiana sauti kama kawaida yao kabla ya wageni kufika. Huku chini, katika chumba kisicho na dirisha cha hoteli moja ya ufukweni hapa Muscat, Theodora Kokugonza anazungusha kizibuo polepole kwenye chupa yenye vumbi. Kizibo kinatoka kizima. Anakinusa, anakigeuza, anakiweka kwenye kisahani.

Anamimina kiasi cha vijiko viwili hivi. Anatikisa glasi, anachungulia rangi, anavuta harufu, kisha anaweka mdomoni na kufumba macho. Kwa muda anasimama hivyo hivyo, mashavu yakienda huku na huku. Halafu anatema yote kwenye ndoo ndogo ya chuma.

"Imefika salama," anasema, na kucheka mwenyewe.

Chupa hiyo ni ya mwaka 2006, imetoka Italia. Zabibu zake ni za aina iitwayo Sagrantino, ambazo ni adimu na hupatikana zaidi kwenye vilima vinavyouzunguka mji wa Montefalco. Mvinyo wake ukiwa mchanga ni mkali, unakausha ulimi na kuubana mdomo. Ukikaa miaka mingi unatulia. Mgeni aliyeiagiza atakula saa mbili usiku, na ni lazima mtu aionje mapema, asije akapelekewa siki mezani.

Mwandishi wa makala haya naye alikaribishwa kunusa. Alinusa mvinyo, basi. Theodora alimtazama kwa huruma ile wanayopewa watu wasiojua kucheza muziki.

Theodora, mwenye umri wa miaka 36, ni mzaliwa wa Kamachumu, mkoani Kagera. Ni mhudumu wa mvinyo, kazi ambayo hakuna Mtanzania mwenzake anayeifanya hapo hotelini. Siku ya kwanza tulipokutana alitoa sharti moja: jina lake lisiandikwe. Alitaka aitwe Rozi. Jinsi jina lake halisi lilivyofika kwenye ukurasa huu ndiyo habari yenyewe.

"Nyumbani wanajua nipo mapokezi," alisema siku hiyo. "Mama ni mlokole, mzee wa kanisa. Na mchungaji wetu hununua gazeti lenu. Ibada ikiisha huwasomea watu pale nje. Ukiandika Theodora, umenimaliza."

Mama yake hakuzaliwa mlokole. Zamani alikuwa mpishi wa rubisi, pombe ya ndizi, na watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kuifuata. Ada ya shule ya Theodora ilitoka humo. Alipookoka, aliupasua kwa shoka mtumbwi wa kukamulia ndizi, akaufanya kuni za kupikia maharage ya kwaya.

"Lakini ulimi wangu ni wake," Theodora anasema. "Nikiwa mdogo ananiwekea tone moja hapa, ananiuliza, hii imeiva au bado? Nikikosea ananizaba kakofi."

Ulimi huo karibu umfukuzishe kazi. Miaka tisa iliyopita, akiwa mhudumu wa kawaida, alimpelekea mzee mmoja wa Kiitaliano glasi ya mvinyo mwekundu. Kabla ya kuiweka mezani, alipiga magoti kidogo, akainywa funda moja, ndipo akamkabidhi kwa mikono miwili. Wageni wakageuka kumtazama.

"Kwetu ukimpa mtu kinywaji bila kuonja mbele yake, ni kama umemwambia chunga roho yako," anaeleza. "Sasa mimi nilikuwa nimechoka, mikono ikafanya ya nyumbani."

Msimamizi wake alimshusha jikoni kuosha glasi. Mzee yule aliporudi wiki iliyofuata, hakutaka mhudumu mwingine. Alimtaka "yule dada anayekagua sumu". Alimuuliza siku ile alikuwa ameonja nini. Theodora akamjibu kwamba mvinyo ulikuwa na ukakasi wa ndizi mbichi. Mzee alicheka mpaka akapaliwa, akamsifia ulimi huo kwa wakubwa wa hoteli, na alipokuja mara nyingine akaambiwa Theodora amepelekwa kwenye mafunzo ya mvinyo.

Hadithi hiyo anaisimulia vizuri, kwa mikono na macho, na ni wazi kwamba hajapata watu wengi wa kuisimulia. Anaishi Mabela, pembezoni mwa Muscat, katika nyumba ya wafanyakazi, chumba kimoja na Semeni, dada wa Tanga anayefanya kazi ya kufua hapo hotelini. Semeni ni Mwislamu safi na mwenye moyo mzuri. Wanapika pamoja, wanasukana nywele. Ila Theodora akirudi kazini, hupita kwanza bafuni na sare yake, asije akaingia chumbani na harufu.

"Hajawahi kuniambia neno baya. Ni mimi tu," anasema. "Siwezi kukaa kitandani kwangu nikaanza kumwambia Semeni leo nimeonja kitu kitamu."

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, huenda Hail, mtaa mwingine wa Muscat, kwa Bi Jawaher, mama wa Kiomani aliyelelewa kwa Kiswahili cha Unguja, anayeuza vyakula vya pwani sebuleni kwake. Tulikwenda naye.

"Karibu mwanangu, marhaba! Nna muhogo leo, umekuja jana, mweupe kama pamba," Bi Jawaher alimpokea. "Huyu nani? Mchumba?"

"Mwandishi, bibi."

"Mwandishi! Basi muandike vizuri huyu, wallahi. Mtoto ana adabu. Hapo mapokezi kwao wageni wanamtaka yeye tu."

Theodora aliinamia mihogo. Kumbe hata huku yupo mapokezi.

Tuliporudi Mabela tulikaa kwenye ngazi za nje, akaanza kuzungumza. Alirudi kwenye chupa ya jana yake. Mgeni aliionja, akainua kidole gumba, akaendelea na maongezi yake ya viwanja. Hakumuuliza kitu, na hakulazimika kumuuliza.

"Lakini mle ndani mlikuwa na kahawa," Theodora alisema. "Si ya kunywa. Ile yetu ya kutafuna, anayopewa mgeni. Nimeonja pale chini, nikageuka nimwambie mtu. Hakuna mtu. Duniani kote kuna mmoja tu angenielewa, na huyo ndiye ninayemdanganya."

Alilia kidogo, bila kujificha. Kisha alitoa simu, akamwomba mwandishi asiondoke.

Alimpigia mama yake, wakaongea Kihaya, mazungumzo ambayo aliyatafsiri baadaye. Alimwambia mama yake kazi anayoifanya. Alimwambia kuna gazeti. Kisha aliitazama simu kuona kama imekata.

"Unameza?" mama yake aliuliza.

"Natema, mama."

"Yote?"

"Yote. Jana kulikuwa na ya zamani, ina ladha ya kahawa ya kutafuna."

Jogoo aliwika huko Kamachumu.

"Ya kuchemshwa na majani, au ya kukaushwa tu?"

"Ya majani, mama. Kama ya bibi."

Mama alishusha pumzi. Alisema kwamba nyumbani kwake chupa haitaingia, hilo Theodora alielewe. Alisema atamwombea, na kwamba uongo wa mapokezi umemuuma kuliko mvinyo. Theodora alimuuliza, je, amwambie mwandishi abadilishe jina.

"Nilikubatiza Theodora," mama alijibu. "Kuonja nimekufundisha mimi. Aandike. Mchungaji nitamweleza mwenyewe kabla hajafungua gazeti."

Akakata bila kuaga.

Theodora anatarajia kwenda likizo mwezi wa saba. Hajui atapokelewaje kanisani, na anakiri kwamba anaogopa. Bi Jawaher bado hajui, ingawa anasema zamu yake inakuja.

"Sitabeba chupa," anasema. "Nitakaa na mama jikoni, nimsimulie moja moja, zote nilizoonja miaka hii. Nikikosea atanizaba kofi."