Nyimbo Tatu za Shangazi Koku

Juzi fundi mmoja hapa Bukoba alifungua betri ya gari langu, na ile harufu kali ya maji ya betri ikanipanda puani. Mara nikawa tena na miaka tisa, nimekaa katikati ya kiti cha pikapu ya Tata, baba yangu, kule Kagoma, kengele mapajani.

Niwaambieni habari za pikapu hiyo. Tata, mkulima wa kahawa na katekista, aliinunua ikiwa tayari kuukuu. Baada ya vita dainamo ikafa, na vipuri havikupatikana hata kwa sala, ambazo Tata alizisali kweli. Basi gari likaishi kwa betri tu, pasipo cha kuijaza. Kila Jumamosi betri ilifungwa nyuma ya baiskeli kwa kamba za mgomba, ikapelekwa kuchajiwa kwenye jenereta ya mashine ya kukoboa kahawa. Umeme ule, alisema Tata, ni wa plagi za injini peke yake. Taa marufuku, kwa hiyo jua likizama hatusafiri. Mvua ikinyesha alitoa mkono nje akafuta kioo kwa kitambaa, huku mwingine ukishika usukani. "Akiba haiozi," alisema, maji yakimchuruzika hadi kwapani. Starta nayo haikuguswa; tuliegesha mlimani siku zote ili gari liwake kwa kuteremka, hata tukiwa tumekwenda kumtembelea mtu wa bondeni.

Honi nilikuwa mimi. Tata alinipa kengele ya altare iliyopasuka, ambayo kanisani hawakuihitaji tena, nami nikaipiga dirishani kwa nguvu zangu zote. Hapo ndipo tulipokosea. Padri alipompelekea mgonjwa Komunyo, alitanguliwa na kengele kama ile, na watu walipiga magoti popote walipokuwa. Tata alitaka wapishe. Wao wakapiga magoti katikati ya barabara. Kadiri nilivyopiga ndivyo walivyozidi kuinamisha vichwa. Tata alifunga breki, akatoa kichwa dirishani: "Waitu, jamani, inukeni, ni mimi tu!"

Mwaka huo dada yake, Shangazi Koku, alirudi kutoka mjini amekonda sana, na ugonjwa wake watu wazima waliutaja kwa kunong'ona. Ndiye aliyenifundisha kucheza dansi jikoni, mwiko ukiwa kipaza sauti chake. Nilimpenda kuliko watu wote. Alipozidiwa, tukampakia kumpeleka hospitali ya Bukoba. Ilikuwa Alhamisi, na betri ilikuwa na chaji ya tangu Jumamosi. Nikaapa moyoni kwamba gari halitazima kabla hajafika.

Hatukufika mbali, Shangazi akanyoosha kidole kuelekea redio. "Kaka, niwashie."

"Tata, betri!" nikapiga kelele. "Akiba haiozi!"

Tata aliiwasha. Muziki wa dansi ukajaa garini, na Shangazi akacheza kwa mabega, maana miguu ilikuwa imekataa. Wimbo wa tatu ulipokuwa unaisha, gari likakohoa, likazima kwenye tambarare, mahali pabaya kuliko pote.

Kwa hasira nikapiga kengele huku nalia. Watu wakatoka migombani, wakapiga magoti.

"Waitu, inukeni," alisema Tata, "mtusukume!"

Wakatusukuma hadi kwenye mteremko, tukaporomoka bila injini mpaka chini, ambako lori la samaki lilitupokea. Shangazi alifika hospitali akinuka sangara na kucheka. Hakurudi nyumbani.

Nilimkasirikia Tata kwa miezi mingi. Niliamini kabisa kwamba redio ndiyo iliyomuua Shangazi. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba hospitali wakati ule haikuwa na dawa ya ugonjwa ule, na kwamba Tata alilijua hilo kabla hatujaondoka nyumbani. Alikuwa na umeme kidogo tu, akampa dada yake wote.

Fundi alipomaliza aliniuliza kama redio yangu inafanya kazi. Nikamwambia aiwashe.