Farasi Aliyejibu Korongoni

Sikuhadithiwa haya. Yalinikuta mimi, mchana kweupe, na pombe sikuwa nimeionja. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi.

Enzi za Mdachi nilikuwa mtunza farasi wa boma la Dodoma. Nyonga yangu ilikuwa mbovu tangu nilipobeba mizigo ya misafara. Nililala upande mmoja tu, na mke wangu Matika alinikanda kwa kitambaa cha moto. Kisha farasi wa Bwana Mkubwa, yule Mdachi wa boma, akatumbukiza mguu shimoni, njia ya Msalato. Ule wa mbele, wa kulia. Kifundo kikavimba kama kibuyu. Bwana Mkubwa akataka kumpiga risasi, nikamsihi aniachie nimuuguze.

"Asipopona," akasema, "kiboko kitakuwa chako."

Nikamkanda kwa maji ya chumvi, nikamfunga vitambaa, na kila siku nikamtembeza polepole kwenye mchanga wa korongo, wote wawili tukichechemea. Yule mnyama nilimpenda, niamini.

Siku hiyo jua lilikuwa utosini. Farasi akasimama ghafla, akitetemeka, jasho likimtiririka. Mbele yetu mtu aliyejitanda ngozi ya mbuzi alikuwa amechutama. Korongo lile jeupe, unaona mbali; alitokea wapi?

"Mbukwenyi," nikamsalimu kwa Kigogo chetu. Yule mtu akaushika ule mguu mgonjwa, akamwuliza farasi:

"Maumivu haya nimpe nani?"

Farasi akainua kichwa, akalia mara moja.

"Haya, amesema," yule mtu akajibu.

Akanigeukia, akaniwekea kiganja nyongani. Baridi yake! Maumivu yakatoka yote, kama mtu kanitua mzigo.

"Na haya?"

Jina la Matika likaanza kunipanda kooni, lenyewe. Matika, na mimba yake! Nikauma ulimi hadi damu, nikatikisa kichwa. Akaondoa mkono. Maumivu yakarudi kwa kishindo, nikaanguka. Nilipoinua macho hakuwepo. Farasi alikuwa amesimama imara kwa miguu yote minne.

Langoni askari akanizuia. "Usiingie. Bwana ameshikwa na maumivu ya mkono ghafla."

Mkono wa kulia, kwenye kifundo. Nikasikia kilio chake toka ndani, na sitaki kusimulia kilifanana na nini. Daktari hakuona jeraha. Wakamchukua kwa machela kwenda pwani, hakurudi tena. Farasi alipona kabisa, lakini hakuna aliyethubutu kumpanda. Hata mimi nilimtupia majani kwa mbali.

Matika alijifungua salama. Nyonga inaniuma mpaka leo, na ikizidi, kuna jina hunipanda kooni. Mara la mwanangu, mara la mjukuu. Basi sikia: mtu akikuuliza maumivu yako ampe nani, funga mdomo. Usijidanganye kwamba utamtaja adui yako. Jina litakalotoka hutalichagua wewe.